Maneno ya Kujifunzia

Ng'ombe wa Mzee Ndahani waliuawa kwa Kiingereza. Wako wanaosema ni ukame, wengine wanasema ni Serikali, na kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Lakini mimi nilikuwamo darasani siku ile, nikayasikia maneno yenyewe yakitoka kinywani mwa mwanawe, yamenyooka, hayana kosa hata moja. Tena tuliyapigia makofi.

Tulikuwa darasa la kumi katika shule ya bweni iliyokuwa kando ya reli, mashariki ya Ihumwa, mahali ambapo upepo hauna adabu na vumbi huonja chakula kabla yako. Mwingereza alikuwa bado ametukalia, na mtu aliyetaka kazi ya kalamu ilimpasa akijue Kiingereza kuliko mama yake alivyojua kusonga ugali. Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa Bwana Pelham, sisi tukimwita Bwana Pelamu, kijana mrefu mwenye masikio mekundu. Sitamsingizia. Hakutupiga wala hakututukana, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba dibeti ingetufanya watu. Hapo hasa ndipo ninapomkasirikia mpaka leo.

Dibeti ilikuwa kila Ijumaa alasiri. Mwalimu alitoa hoja, kisha wasemaji wawili wakavuta vijiti mkononi mwake: mwenye kirefu aiunge mkono hoja, mwenye kifupi aipinge. Unachokiamini hukuulizwa. "Leo sema hivi, Ijumaa ijayo sema kinyume chake, na siku zote mbili sema vizuri," alikuwa akituambia. "Huo ndio ustaarabu." Na kulikuwa na sheria moja ambayo nadhani ilikuwa ya shule yetu peke yake. Gari moshi likipita, msemaji alinyamaza, mshika saa akaisimamisha saa, sote tukangoja kelele ziishe, ndipo msemaji akaendelea pale alipoachia. Tulizoea mno, hata kanisani gari likipita tulimkodolea padri macho, tukishangaa kwa nini hanyamazi.

Yoramu Ndahani alikuwa rafiki yangu, na ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Mimi, Sebastiani, ni Msandawe wa kule Chemba, na wenzangu walipenda kunichokoza kwamba Kiingereza changu kinagonga mlango kabla hakijaingia. Yoramu hakunicheka. Yeye alinifundisha Kigogo chake, nami nikamfundisha kugonga ulimi kama lugha yetu inavyotaka, akashindwa vibaya, tukawa ndugu. Kwao ni mwendo wa nusu siku kutoka shuleni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na mtoto kama huyo mahali pake ni nyuma ya ng'ombe. Baba yake alimtoa machungani akampeleka shule, watu wakimwambia kwamba amempoteza mtoto. Yeye alijibu kwamba hajampoteza, amemweka tu kwa watu.

Jibu hilo lilikuwa la Kigogo kabisa, na halieleweki bila kuijua desturi yenyewe. Mgogo mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huwatawanya: hawa kwa shemeji, hawa kwa rafiki wa mbali, wale kwa mtu aliyemsaidia baba yake wakati wa njaa. Anayewatunza anakunywa maziwa na kulimia samadi, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake na uzao wao. Mvua ikikosa huku, huenda ikanyesha kule. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile halijausikia. Na idadi yao haitajwi. Mwulize Mgogo ana ng'ombe wangapi, atakujibu, "Wapo wapo," halafu atakuuliza hali ya mama yako. Si uongo huo. Ni adabu, na adabu hiyo imewavusha watu njaa nyingi ambazo sisi tunazisikia kwa majina tu.

Mwaka ule Serikali ilikuwa imekata shauri kwamba ng'ombe wa Ugogo ni wengi mno, wanaila nchi mpaka udongo. Ikatoka amri: aliyezidisha kiwango apeleke ziada mnadani. Makarani walipita wakihesabu, na kwa kuwa walihesabu walichokiona zizini, kila boma lilionekana la maskini. Mzee Ndahani naye alikuwa maskini wa namna hiyo, akalala usingizi wake.

Ndipo Bwana Pelamu akatuletea hoja: ng'ombe wa Ugogo wapunguzwe. Aliiona nzuri kwa sababu inatuhusu. Akamwalika na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aje asikilize vijana wake. Tukavuta vijiti. Yoramu akapata kirefu, mimi kifupi. Mwana wa Ndahani awashitaki ng'ombe, na Msandawe, ambaye kwao kuna mizinga ya nyuki mingi kuliko ng'ombe, awatetee! Tulicheka mpaka maharage yakatupalia.

Hotuba yake ya kwanza aliyoiandika ilikuwa baridi. Mmomonyoko wa udongo, nyasi, takwimu za Serikali, yale yale yaliyobandikwa ukutani ofisini. Bwana Pelamu akamrudishia. "Haya hata mimi ninayajua," alimwambia. "Niambie ambayo wewe unayajua na mimi siyajui. Toa mfano wa nyumbani kwenu. Taja mahali, taja watu. Hoja isiyo na watu haina maisha." Ushauri mzuri huo. Ningekuwa mwalimu, ningeutoa mimi pia.

Ijumaa ile Bwana Shauri alikaa mbele, mguu juu ya mguu, kofia magotini. Yoramu akasimama, akaweka mkono mmoja juu ya meza, kama ilivyokuwa kawaida yake, akaanza taratibu. Gari la mizigo likapita, akanyamaza, mkono pale pale mezani, ametulia kama askofu. Lilipokwisha kupita akaendelea, na hapo ndipo alipoutoa mfano wake.

Alisema hesabu ya makarani ni ya bure. Alisema anaye baba, na wanaoonekana zizini kwa baba huyo hawafiki hata theluthi ya wote. Wengine wako Ihumwa kwa mjomba wake Lubeleje. Wengine wako milimani Kibakwe kwa rafiki wa baba yake aitwaye Chiloleti, kwenye majani mazuri. Na kama baba yake anafanya hivyo, alisema, basi wanafanya wote, na Serikali inapunguza ng'ombe wa kuonekana huku wasioonekana wanaendelea kuila nchi. Kiingereza kilimtoka kama maji. Sikupata kusikia hoja iliyofungwa vizuri namna ile, wala sijapata tena.

Mimi nilisimama nikasema ng'ombe ni mali ya watu na mali ya mtu iheshimiwe. Wakapiga miayo. Kura zilipohesabiwa, waliobaki upande wangu walikuwa marafiki wawili walionihurumia.

Baadaye ikaletwa chai. Bwana Shauri akamjia Yoramu, akampa mkono mbele yetu sote, akamwuliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia, "Yale ya Kibakwe ni kweli?" Yoramu alikuwa amelewa sifa. "Ni kweli, bwana," akajibu. "Wote wanafanya hivyo, bwana." Dibeti ina kengele ya kuanza na kengele ya kumaliza, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vikombe vikishaletwa, vijiti navyo havipo tena.

Mvua za mwaka ule zilichungulia zikarudi zilikotoka. Jumapili moja, tukiwa tunafua nguo, tukamwona Mzee Ndahani anakuja kwa miguu, peke yake, amevaa shuka mpya nyeusi iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani kwa Hasanali. Mtu wa makamo yake hanunui shuka mpya mwaka wa njaa ila kwa msiba au baraza. Yoramu aliacha nguo majini akamkimbilia, akachutama kumwamkia. Mzee akaitikia, akakaa juu ya jiwe. Mimi nikamwambia, "Mbukwa, mzee," akanijibu vizuri, akaniambia nisiondoke.

Walizungumza Kigogo. Nilikifahamu cha kunitosha, na siku ile nilitamani nisingekifahamu.

"Matarishi wa Serikali waliingia Ihumwa na Kibakwe asubuhi moja," mzee alisema. "Hawakuuliza nani ana ng'ombe. Walimwita Chiloleti kwa jina lake, wakamwambia toa ng'ombe wa Ndahani. Lubeleje vile vile. Wakapita na kwa watu wengine, kila mmoja wakamwuliza, huyu wa nani, huyu wa nani. Waliochukuliwa wamefungiwa zizi la Serikali pale Ihumwa, wanangoja mnada na gari. Wachache walioachwa, Chiloleti amenirudishia mwenyewe. Amesema boma langu lina mdomo." Akapangusa vumbi kwenye shuka. "Waliobaki wote sasa wako kwangu, na kwangu hakuna jani. Nimekuja kukuuliza wewe unayekaa na Wazungu. Nani aliwaambia?"

Yoramu angeweza kusema hajui. Mpaka leo sijui kama ingekuwa afadhali.

"Ni mimi, baba," akasema. "Lakini ilikuwa dibeti."

Kigogo hakina neno hilo. Akajaribu kulieleza. Alieleza vijiti, hoja, kengele. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza pole pole, kama anayefundua fundo.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Watu walikaa kimya, wakakusikiliza?"

"Ndiyo, baba."

"Ukanitaja mimi, ukamtaja na Chiloleti?"

"Ndiyo."

"Basi ulisema."

"Nilisema, lakini sikuamini. Pale mtu haamini. Ningevuta kijiti kifupi, ningesema kinyume chake."

Nilidhani mzee atampiga, nikatamani ampige, jambo liishe. Badala yake akainua uso, na usoni kulikuwa na kitu kilichoniumiza kuliko hasira. Kilikuwa tumaini.

"Mtu anaweza kusimama pale pale akasema kinyume chake?"

"Anaweza."

"Na yule mkubwa akasikia?"

Yoramu alinitazama. Mimi nilitazama mapovu ya sabuni.

"Basi simama tena," mzee akasema. "Sema ile ya pili."

Bwana Pelamu alipoelezwa, masikio yake yalizidi kuiva. Nasema kweli, yule mtu alihuzunika. Alisema hakudhani, akasema atamwandikia Bwana Shauri, akasema Ijumaa ijayo hoja itarudiwa, Yoramu apinge, na mzee mwenyewe akaribishwe aje asikilize. Mimi nikapewa kuunga mkono. Vijiti havikuvutwa safari hiyo.

Siku tano zile Yoramu hakucheza mpira wala hakumaliza chakula chake. Aliandika na kufuta. Alinisomea kila sentensi, naye kila mara aliniuliza swali moja tu: "Bwana Shauri akisikia hii, atawafungua?" Nilimjibu atawafungua. Ungemjibu nini wewe?

Ijumaa mzee alifika mapema, shuka ile ile. Akapewa kiti nyuma, nami nikaketi karibu naye kwanza ili nimtafsirie. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Jibu la Bwana Shauri lilikuwa limefika asubuhi: anasikitika, ana kazi Ihumwa siku hiyo. Kazi gani, kila mmoja wetu alijua isipokuwa mzee.

"Yule mkubwa yuko wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Mwalimu atamfikishia maneno," nikamjibu, maana ndivyo mwalimu alivyokuwa amesema.

Nilisimama nikaunga mkono hoja kwa maneno machache, nikakaa. Yoramu akasimama, mkono mezani.

Ile ya kwanza ilikuwa hodari. Hii ilikuwa kweli, na tofauti yake hata mtoto angeisikia. Alisema ng'ombe aliye Kibakwe hakufichwa, amekwenda kuwanywesha maziwa watoto wa Kibakwe. Alisema ng'ombe hao ni kamba inayowafunga watu pamoja, ili njaa ikija kumvuta mmoja iwakute wengi wameshikana. "Anayesema wamefichwa," alisema, "hajapata kuwa na rafiki." Bwana Pelamu alikuwa ameinamisha kichwa kwa raha. Mimi nilikuwa nikimnong'oneza mzee kila neno, naye alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesomewa hukumu nzuri.

Ndipo gari likaja, likitoka upande wa Ihumwa.

Yoramu akanyamaza. Mshika saa akasimamisha saa. Mabehewa yalikuwa yale ya mbao zenye nafasi kati yake, na kelele za magurudumu hazikutosha kuzifunika sauti zilizokuwa ndani. Ng'ombe walikuwa wakilia. Behewa moja, la pili, mengine na mengine. Mzee Ndahani akainuka, akaenda dirishani, akashika kizingiti kwa mikono miwili. Sijui kama aliwatambua wake, gari lilikuwa linakwenda mbio. Hakuita. Hakuna aliyesema kitu darasani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sheria, na Yoramu alisimama katikati yetu, mkono juu ya meza, akimtazama baba yake mgongoni.

Gari likapita. Mwenyekiti wa dibeti akamwitikia Yoramu kwa kichwa. Naye akaendelea pale alipoachia.

Ninavyochukia mambo mengi ya wakati ule, hilo nalichukia kuliko yote, kwamba aliendelea, na kwamba sentensi haikukatika. Sikumtafsiria tena mzee, kwa sababu hakurudi kwenye kiti chake. Kura zikapigwa, mikono yote ikainuka upande wa Yoramu, na wa kwangu mimi niliyekuwa mshindani wake ukainuka pia. Wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka darini.

Bwana Pelamu akaja dirishani na mkono umenyoshwa. "Mwambie mzee," aliniambia, "mwanawe atafika mbali."

Nikamwambia. Mzee akaupokea ule mkono, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Ameshinda?" akaniuliza.

"Ameshinda, mzee. Wote wamekubali."

"Basi mwulize, ng'ombe watarudi lini?"

Nikatafsiri. Bwana Pelamu akatazama reli, akatazama viatu vyake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hana amri juu ya hayo. Alisema ajuavyo mzee, hii ni dibeti tu, ni maneno ya kujifunzia, na yanayosemwa humu ndani hayatoki nje.

Nikamweleza mzee hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Mwambie," akasema, "yale ya kwanza yalitoka."

Nikayageuza maneno hayo kwa Kiingereza. Bwana Pelamu, ambaye hakupata kuniacha nimalize sentensi bila kunisahihisha, safari hii hakunisahihisha.

Mzee akatoka. Yoramu alimfuata mpaka kwenye reli, akachutama mbele yake. Tulikuwa mbali, hatukusikia waliyosemezana, kama walisemezana. Tulimwona mzee akimgusa kichwani kidogo, kisha akavuka peke yake, na ile shuka mpya ikawa nyeusi kwenye vumbi kwa muda mrefu, maana nchi ile ni tambarare. Ng'ombe aliorudishiwa na Chiloleti walikufa zizini mwake kiangazi kile kile, pamoja na wa nyumbani, wote mahali pamoja, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pengine. Watu wa kijiji waliosombewa ng'ombe wao hawakumsemesha tena.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na dibeti kama kawaida. Hoja siikumbuki. Bwana Pelamu, nadhani kwa kutaka kumtia moyo, alimwita Yoramu avute, naye akapata kijiti kirefu. Akasimama. Akaweka mkono juu ya meza, akafungua kinywa, akakifunga. Akabaki hivyo, ametulia, macho dirishani.

Mshika saa alimtazama mwalimu, mwalimu naye akatazama chini. Basi mshika saa, asijue la kufanya, akaisimamisha saa. Sote tukakaa kimya tukangoja gari lipite, na relini hapakuwa na gari.